Asubuhi Niliyokosa Kuitikia Hodi

Jirani yangu alibisha hodi nami sikuitika. Mambo yalianzia hapo, na kama hujaishi kijijini kwetu Tulia utasema ni jambo dogo. Si dogo. Kwetu mtu anaweza kukununia mwaka mzima, akapita kando ya ng'ombe wako aliyekwama kwenye matope asiseme neno, lakini hodi ataitikia. Hata anayejificha atamtuma mtoto aseme hayupo.

Ilikuwa kiangazi, jua ndiyo linachomoza, mbuzi bado wamo zizini. Nilikuwa jikoni, kile kibanda cha mabati kilicho ng'ambo ya ua, mkabala na nyumba aliyolala mama. Nilikuwa nimekalia gunia dogo nililolijaza maganda ya ndengu, miguu nimeikunja, mikono mapajani, macho nusu wazi, nikifuata pumzi ikiingia na kutoka. Nilikuwa nikifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka. Siku nyingi hakuna kinachotokea ila magoti kuuma na akili kukimbilia unga uliobaki kwenye debe.

Siku hiyo pumzi ilinipotea. Sisemi ilikatika; iliendelea, ila sikuona tena ni ya nani. Mbuzi mmoja alikohoa zizini, na kule kukohoa hakukutoka nje kuja masikioni mwangu. Kulikuwa tu, pale pale, kama goti langu lilivyokuwa pale. Baridi ya sakafu, harufu ya majivu, mama akigeuka kitandani na mbao zikilia: vyote vilikuwa kitu kimoja, na mimi sikuwa kando nikivitazama. Hakukuwa na huku wala kule. Furaha niliyokuwa nayo sijui niiiteje. Ilikuwa pana na haikuwa na haraka.

"Hodi!"

Niliisikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wamesema nilikuwa nimetoka mwilini. Sikuwa nimetoka popote! Niliisikia hodi ile vizuri kuliko hodi yoyote maishani mwangu, ila hakukuwa na mtu wa ndani wa kubishiwa wala mtu wa nje wa kukaribishwa. Ilikuwa hodi tu, imejaa ua wote. Ikaja tena, na tena. Kisha jirani akatokea mlangoni, simu mkononi, akaniona, nami nikamwona. Nadhani nilitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililonimaliza. Alipiga yowe, akageuka mbio, na nilipopata miguu ya kumfuata nilikuta kandambili yake moja njiani.

Kufikia saa sita habari zilikuwa zimefika sokoni. Ati macho yangu yalikuwa meupe pe. Ati nilikuwa nimenyanyuka hewani. Mtu ambaye hata hakuwepo alikuwa tayari ameona nyoka miguuni pangu. Lisemwalo lipo, wakasema, nami nikakosa wa kumwambia kwamba hili halipo.

Mimi si mtu wa maajabu. Nimefanya kazi za nyumba Nairobi zaidi ya nusu ya maisha yangu, na miaka ya mwisho nilikuwa kwa familia moja kutoka Sri Lanka, nikimtunza nyanya wa nyumba hiyo. Kila asubuhi yule nyanya alikaa sakafuni, akanyamaza. Nilikuwa nakaa kando yake kwa sababu alikuwa dhaifu, nimshike akiinuka. Siku moja, kwa kuchoka kutazama ukuta, nikamuuliza anafanya nini. "Kaa," akasema. Kiswahili chake hakikuzidi maneno ya kununulia mboga. Nikakaa. Polepole, kwa ishara na kwa msaada wa wajukuu, alinieleza kuhusu Budha: kwamba hakuwa Mungu, alikuwa mtu, na kwamba huyo mtu aliamka. Nikamwambia si sisi sote tunaamka, tena wengine wetu tunaamka saa kumi na moja kuchemsha maziwa. Alicheka mpaka nikamshika bega asianguke.

Kila nilipomwendea na habari, leo nimeona mwanga, leo nimekuwa mwepesi, leo nimelia bila sababu, aliniuliza jambo moja tu. "Sasa je?" Alikuwa anakera, Mungu amrehemu. Sikuwahi kupata jibu lililomridhisha.

Jumapili nilikuwa kanisani kama kawaida. Sikuona vita kati ya hivyo viwili. Kanisani niliimba, asubuhi nilinyamaza.

Nilirudi nyumbani miguu ya mama ilipokataa kabisa kumbeba. Mama si mtu wa huku. Ni mzaliwa wa Kilungu, kule Makueni, akaletwa na ndoa hadi kwenye ukame huu, na mpaka uzeeni aliongea juu ya maji ya milima yao kama mtu aliyeibiwa. Daktari alituambia moyo wake umechoka, dawa zimefika mwisho, tumpe anachokipenda. Alichokipenda mama ni Alhamisi. Kila Alhamisi mchana akina mama wa ushirika wa kanisa letu walikuja, wakajaa chumbani mwake, wakaomba na kuimba, naye akaimba pamoja nao kwa kile kisauti chake kilichobaki. Kuanzia Jumatano alikuwa akiuliza kama leso yake ya kichwa imefuliwa.

Alhamisi iliyofuata ile hodi, nilimpaka mama mafuta, nikamfunga leso, nikapanga viti na vigoda. Nikapika chai ya maziwa sufuria kubwa. Tukangoja. Chai ikafanya ngozi juu.

"Leo wamechelewa," mama akasema.

"Labda kuna matanga, mwaitu," nikamjibu, maana kwetu Ukambani mama ni mwaitu.

"Matanga ya nani? Mimi ndiye niliyebaki kufa hapa."

Hawakuja. Na Alhamisi iliyofuata hawakuja. Safari hii mama hakuuliza. Alikaa na leso yake kichwani mpaka giza likaingia, kisha akaivua mwenyewe, akaikunja, akageukia ukuta. Uji wa jioni hakuugusa. Nilisimama na kikombe mkononi. Mama alikuwa anaondoka, na alikuwa anaondoka akidhani ametupwa.

Wazee wa kanisa waliniita. Tulikaa katika chumba kile kidogo nyuma ya madhabahu, mahali wanapoweka spika na mafagio. Pasta ni kijana, mpole, na siku hiyo alionekana kama mtu aliyekalia msumari. Aliyeongea zaidi ni mzee mmoja ambaye huongea zaidi popote alipo.

"Dada, hiyo yoga yako uliitoa wapi? Kwenye hekalu la Kalasinga, pale Makindu?"

"Mzee, pale Makindu watu wote hupita wakala bure. Hata wewe umekula pale."

"Nilikula chapati na dengu. Sikufumba macho!"

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Nilieleza kuhusu yule nyanya, pumzi, kunyamaza. Nilipotaja Budha, wakatazamana. Nikajua nimekwisha.

Pasta ndiye aliyetoa masharti, akitazama vidole vyake. Jumapili nisimame mbele ya kanisa. Nilete vifaa vyangu vichomwe. Nikiri kwamba nilifungua mlango kwa shetani, na kwamba nimekana. Nikishafanya hivyo, yaishe.

"Vifaa gani, Pasta? Nina gunia la maganda ya ndengu."

"Basi lilete hilo."

"Na mama yangu? Akina mama watarudi lini?"

"Hilo liko mikononi mwako, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Siku chache kabla ya hiyo Jumapili nilishuka mtoni kuteka maji. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Tunachimba kisima mchangani, mmoja anashuka na bakuli, anachota kidogo, anangoja maji yajikusanye tena, anachota. Ukiwa na pupa unayavuruga, wanaokufuata wanajaza matope. Foleni nzima inangoja pamoja na aliye chini, na kwa kawaida hapo ndipo tunapochekana na kusengenyana mpaka punda wanachoka.

Nilipofika, vicheko vilikatika. Jirani yangu alikuja akasimama nyuma yangu kwenye foleni. Nilishuka, nikachota kwa adabu, nikajaza mitungi yangu, nikaliacha bakuli pembeni kama desturi. Yeye akashuka, akalichukua lile bakuli, akachota maji, akalisuuza. Akayamwaga mchangani. Akachota mengine, akasuuza tena, akamwaga.

Wueh! Maji, kiangazi, kwetu! Hata bakuli alilonywea mbwa hulisuuzi hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilipanda ukingo na punda wangu nikimfikiria yule mwanamke chini mle kisimani, na mchanga ukimporomokea. Niliona picha hiyo waziwazi, na ilinifurahisha.

Kesho yake asubuhi nilikaa juu ya gunia, nikaitafuta ile asubuhi. Niliitafuta kwa bidii kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sikupata kitu. Kila pumzi ilikuja na bakuli lile likisuuzwa. Nikajiuliza, hivi kile kitu kimoja, kile kisicho na huku wala kule, kilikuwa nini? Mbuzi aliingia, majivu yakaingia, mama akaingia, na huyu mwanamke je? Au yeye alikuwa kifaa cha kelele tu, hodi isiyo na mtu? Kama nilipewa nuru, basi nuru gani hii inayotamani jirani afukiwe? Nilimkumbuka nyanya na swali lake. Sasa je, sasa je. Nililia kwa uchungu, nikainuka, nikaenda kumgeuza mama, ambaye alikuwa ameanza kutoa sauti kifuani akipumua.

Hapo ndipo nilipoamua. Ningesema wanachotaka. Nisijifanye shujaa hapa: nilikuwa nimeamua kabisa. Nilijizoesha maneno nikikama mbuzi. Nilifungua mlango kwa shetani, nimekana, nisameheni. Ni maneno tu, nikajiambia, na mama ni mama.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Hata walevi wa sokoni walikuwa wamenyoa. Nje, mbele ya mlango, waliweka karai na chupa ya mafuta ya taa. Nilikaa benchi la nyuma na gunia langu mapajani, jasho likinitiririka mgongoni. Watoto waliligeukia lile gunia wakitarajia litasogea.

Pasta aliniita. Nikapita katikati, nikampa gunia mzee yule wa maneno mengi, akalipokea kwa vidole viwili. Nikapewa maikrofoni. Nikafungua mdomo niseme, na macho yangu yakaangukia benchi la pili, kwa jirani yangu.

Nilitarajia kuona uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa amejikunyata, simu ameikamata kwa mikono miwili, na kila baada ya muda kidogo aliitazama, kanisani, mbele ya Pasta. Macho yalikuwa mekundu, na si ya kulia siku moja. Na ghafla nikaona jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza, si wazee, si soko zima, si mimi na kukaa kwangu kote. Mtu habishi hodi jua likichomoza bila sababu.

"Dada," nikasema, na spika zikalipeleka hilo neno mpaka barabarani. "Ile asubuhi. Ulikuwa umekuja kutafuta nini?"

Mzee akasema, "Hapana, dada, endelea na ungamo," lakini jirani alikuwa ameshainua kichwa.

"Msichana wangu," akasema. "Yule aliye Saudia. Alinipigia akilia, wamemfungia ndani, halafu simu ikazima. Sikujua niende kwa nani. Nikasema wewe umekaa kwa nyumba za watu miaka yote, wewe utajua cha kufanya. Nikaja mbio." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikabisha, nikabisha. Na wewe unanichekea!"

Ngai! Mtoto huyo nilimbeba mgongoni akiwa mchanga. Wiki zote hizo mama yake alikuwa akizunguka na huo mzigo peke yake, na alipokuwa akisuuza lile bakuli alikuwa akisuuza maumivu hayo, na mimi nikimchimbia kaburi akilini. Nilishuka pale mbele bila ruhusa, nikamfikia, nikapiga magoti kwenye saruji.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikusikia. Nilikusikia na sikukuitikia. Hilo ni kosa langu, nalitubu mbele ya watu wote."

Hakunishika mkono, lakini hakuusogeza wake pia.

Pasta akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka jibu: "Na lile lingine, dada? Unakana?"

Maneno niliyojizoesha zizini yalikuwepo, nilikuwa nayo kwenye ulimi. Nilimfikiria mama na leso yake. Nilijua ninachokitupa, nisije nikasema sikujua.

"Gunia chomeni, Pasta. Lakini ile asubuhi siwezi kuikana. Haikuwa na shetani ndani. Ilikuwa na mbuzi, na mama yangu, na huyu dada pia alikuwamo, ila mimi sikumwona."

Watu wakapumua kwa kishindo. Mzee alizima maikrofoni.

Gunia lilichomwa. Maganda ya ndengu hayawaki, yanatoa moshi tu, na ule moshi uliingia kanisani ukawatoa watu nje wakikohoa. Jioni niliona jirani amesimama uani kwangu. Hakuingia jikoni. Tulisimama tukapiga simu pamoja, kwa wakala aliyempeleka Saudia, kwa wasichana niliofanya nao kazi ambao wengine wako huko, mpaka mmoja akasema atajaribu kupata habari. Kabla ya wiki kufika katikati msichana alipiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Yuko hai, kwa mwajiri mwingine. Hayo ndiyo tuliyoyapata.

Uamuzi wa wazee ulikuja Jumatano. Mimi nimetengwa. Mama, kwa kuwa ni mshirika mwema, atatembelewa kama kawaida. Lakini hakuna mama wa ushirika atakayekula kutoka mikononi mwangu, wala kuomba chini ya paa moja na mimi. Niliupokea huo ujumbe nikasema asante. Nilikuwa nimejiandalia mabaya zaidi.

Alhamisi nilimpaka mama mafuta, nikamfunga leso. Kichwa chake kilikuwa chepesi mikononi mwangu kama kibuyu kilichokauka. Nilimwambia akina mama wanakuja, mimi nitakuwa jikoni na shughuli. Sikumwambia zaidi. Walipoonekana kwenye njia nilitoka, nikakaa juu ya kuni uani, sufuria ya chai haikuwepo, mikono yangu haina kazi. Walinipita wakisema "Bwana asifiwe" kwa ardhi. Jirani alikuwa wa mwisho. Mlango ukarudishwa.

Niliumia. Ningependa kusema niliketi pale nikaona ukuta si kitu, kwamba walio ndani na aliye nje ni mamoja. Hapana. Ukuta ulikuwa ukuta, nami nilikuwa mtoto wa mle ndani niliyefungiwa nje na mama yangu anakufa. Nilisikia wakimsalimia, nikasikia viti, nikasikia mmoja akitafuta sauti ya kuanzia wimbo.

"Ngojeni," mama akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko jikoni, mama," mwenyekiti wao akajibu.

"Jikoni hakuna moto. Ningesikia harufu. Mwiteni."

Nikasogea ukingoni mwa kuni nisikie vizuri. Kisha nikamsikia mwenyekiti akijieleza kwa sauti ya chini, wazee, uamuzi, paa moja, na nikajua sasa itakuwa mojawapo ya mawili: mama atanyamaza awapate, au atanitetea awakose. Nilimwomba Mungu mama anyamaze. Kweli kabisa, nilisali hivyo, nikiwa juu ya kuni: mwaitu, nyamaza, waimbe.

"Paa?" mama akasema. "Wamesema paa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitoeni nje."

"Mama, wewe huwezi kuketi..."

"Nani amesema niketi? Kitanda kina miguu minne, na ninyi mmejaa hapa. Kibebeni. Au paa la Mungu nalo wazee wamelifungia?"

Nilisimama. Niliwaza watatoka mmoja mmoja, vichwa chini, wapite njia waliyojia, na mama abaki na leso yake. Mlango ulifunguka. Alitokea jirani yangu, shuka la mama begani, akiwa amekunja mikono ya sweta mpaka juu ya viwiko.

"Wewe, unasimama nini?" akanifokea. "Huku kichwani kuna uzito. Njoo ushike."

Niliingia. Hakuna aliyetoka. Wengine walikuwa tayari wameinama, wawili miguuni, mwenyekiti mwenyewe ameshika ubao wa kando na haangalii mtu. Nikashika upande wa kichwani, bega langu na bega la jirani yangu yakigusana, tukainua. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi tukiinamishe kitanda upande, na mama akaning'inia kidogo akikamata sweta la huyu na gauni la yule.

"Polepole!" akapiga kelele. "Mkiniangusha, wimbo nitauanzisha mimi huko nitakakokuwa, na hamtauweza."